Kutoka Amri hadi Ahadi: Malezi ya Uongozi Binafsi na Tabia katika Mafunzo ya Kambi za Vijana Afrika Mashariki

Ikisiri

Nchi kadhaa za Afrika Mashariki huwapeleka vijana wao kambini kwa matarajio kwamba watarudi wakiwa raia wenye nidhamu, uzalendo na uwezo wa kujiongoza. Makala haya yanachunguza msingi wa matarajio hayo kwa kuangalia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) nchini Tanzania na Itorero nchini Rwanda, pamoja na mifano michache kutoka nje ya ukanda huu. Hoja kuu ni kwamba utii na uongozi binafsi ni mambo mawili tofauti, na kwamba la kwanza halizai la pili pasipo kupangiwa njia. Kwa kutumia uchambuzi wa dhana na wa lugha ya mafunzo, makala yanapendekeza hatua nne za malezi zinazotambulishwa kwa maumbo ya kitenzi cha Kiswahili: fanya, tufanye, nitafanya na sitafanya. Hatua ya nne, yaani uwezo wa kukataa agizo ovu, ndiyo ngumu zaidi kuiweka katika ratiba ya kambi, lakini historia ya ukanda huu inaonyesha kuwa ndiyo yenye uzito mkubwa kuliko zote.

Istilahi muhimu: uongozi binafsi, tabia, nidhamu, utii, malezi ya vijana, JKT, Itorero

1.0 Utangulizi

Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 unamtambua kijana kuwa ni mtu mwenye umri wa kati ya miaka 15 na 35. Kwa kipimo hicho, sehemu kubwa ya watu wa Afrika Mashariki ni vijana au watoto watakaoingia ujanani karibuni. Si ajabu, basi, kwamba serikali za ukanda huu zimejitahidi tangu uhuru kubuni taasisi za kuwalea vijana nje ya darasa. Taasisi hizo zinatofautiana kwa majina, sheria na historia, lakini zinafanana katika jambo moja: humtoa kijana nyumbani, humvika sare, humweka katika kikundi, humpangia siku yake tangu alfajiri hadi usiku, na humrudisha kwao baada ya wiki au miezi kadhaa. Katika makala haya kijana wa aina hiyo anaitwa kadeti, awe kuruta wa JKT, intore wa Itorero au mwanachama wa kikosi cha vijana shuleni.

Swali linaloongoza mjadala ni hili: kadeti anapovua sare na kurudi mtaani, amebaki na nini? Wakati akiwa kambini aliamka saa kumi alfajiri kwa sababu filimbi ililia. Alitandika kitanda kwa sababu kitakaguliwa. Hakuiba kwa sababu adhabu ilikuwa karibu. Akiwa nyumbani hakuna filimbi wala mkaguzi. Ikiwa mwenendo mwema unategemea kuwapo kwa afande, mwenendo huo utakwisha siku ya kufunga mafunzo. Na ikiwa kijana amejifunza kutii tu, atamtii pia yule atakayekuja kesho na agizo baya.

Kwa watunga sera, swali hili lina gharama. Kambi hutumia chakula, majengo, wakufunzi na muda wa vijana. Kwa jamii lina gharama kubwa zaidi, kama sehemu ya nne ya makala itakavyoonyesha.

2.0 Ufafanuzi wa dhana

Mijadala ya malezi ya kambi mara nyingi hutumia maneno utii, nidhamu, tabia na uongozi kana kwamba ni visawe. Kiswahili chenyewe kinayatofautisha.

Utii ni hali ya kufuata agizo la mwingine. Mtii anahitaji mtu wa pili, kwani bila mwenye kuagiza hakuna cha kutiiwa. Nidhamu ni neno lenye asili ya Kiarabu linalohusiana na mpangilio, na mpangilio huo unaweza kutoka nje au ndani ya mtu. Mwanafunzi anayesoma usiku bila kusimamiwa ana nidhamu ingawa hakuna anayemtii. Tabia, ambayo pia ina asili ya Kiarabu, inaashiria mwenendo uliozoeleka mpaka ukawa sehemu ya mtu. Ndiyo maana Waswahili husema fulani ana tabia ya kuchelewa, lakini hawasemi ana tabia ya kuchelewa mara moja.

Neno uongozi linastahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Kitenzi ongoza kina ndugu zake katika msamiati: ongoa, yaani kumtia mtu katika njia iliyonyooka, na ongoka, yaani kuingia katika njia hiyo. Msamiati huu unaweka kuongoka karibu sana na kuongoza. Anayetaka kuwaonyesha wengine njia hana budi awe ameifuata yeye kwanza. Uongozi binafsi, kwa maana inayotumiwa hapa, ni uwezo wa mtu kujiwekea lengo jema, kujisimamia katika kulitekeleza, kukiri anapokosea, na kubaki katika njia hiyo hata shinikizo la wengine linapomvuta kwingine. Methali ya Kiswahili inaweka kipimo chake wazi: ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo.

Wazo kwamba tabia hujengwa kwa matendo yanayorudiwa ni la kale. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili kiitwacho Nicomachean Ethics, alieleza kwamba mtu huwa mwadilifu kwa kutenda ya uadilifu, kama vile mjenzi anavyokuwa mjenzi kwa kujenga. Watetezi wa kwata hupenda hoja hii. Hata hivyo, Aristotle aliongeza masharti ambayo husahaulika: mtendaji awe anajua anachokifanya, awe amekichagua, na akitende kutokana na msimamo imara. Kurudia pekee hakutoshi. Kuruta anayegeuka nyuma mara mia moja kwa siku amezoeza miguu yake, na hilo lina faida yake, lakini bado hajachagua lolote.

3.0 Historia fupi: taasisi mbili za ukanda

3.1 Jeshi la Kujenga Taifa

JKT ilianzishwa tarehe 10 Julai 1963, katika Tanganyika iliyokuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu hivi tangu uhuru. Jina lake linaeleza kusudi lake. Lilikuwa jeshi, lakini silaha yake ya kwanza ilikuwa jembe. Vijana kutoka makabila, dini na mikoa mbalimbali walilala katika mabweni mamoja, wakalima, wakajenga barabara na kujifunza ukakamavu. Malezi ya vijana, uzalishaji mali na ulinzi vimebaki kuwa nguzo za taasisi hiyo.

Mgogoro wa mwaka 1966 unafundisha mengi kuhusu uongozi na tabia. Serikali iliamua kwamba wahitimu wa elimu ya juu walitumikie taifa kwa miaka miwili, miezi michache ya mwanzo wakiwa kambini na muda uliobaki wakiwa kazini kwa malipo pungufu. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi takribani 400 waliandamana jijini Dar es Salaam hadi Ikulu kupinga mpango huo. Rais Julius Nyerere aliwafukuza chuoni. Katika tukio hilohilo alitangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, Februari 1967, lilikuja Azimio la Arusha pamoja na masharti ya viongozi.

Tukio hili limezoeleka kusomwa kama habari ya ubinafsi wa wasomi na ukali wa dola. Linaweza kusomwa pia kama somo la malezi. Wanafunzi walikuwa na hoja iliyowagusa wakubwa: kwa nini wao wakatwe ilhali viongozi wanaishi kwa raha? Kufukuzwa kwao kulikuwa amri. Kukatwa kwa mshahara wa Rais kulikuwa mfano. Amri iliwaondoa wanafunzi uwanjani, lakini ni mfano ulioipa sera uzito wa kimaadili, kwa kuwa mwenye kuagiza alikubali kubeba sehemu ya mzigo alioutwisha wengine.

Utaratibu wa kuwachukua vijana kwa mujibu wa sheria ulisitishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita, kwa muda mfupi kuliko ule wa awali. Ufupi huo una maana kwa mjadala huu. Miezi michache inatosha kufundisha mguu sawa na mguu pande. Kama inatosha kujenga tabia, hilo linategemea namna inavyotumika.

3.2 Itorero

Itorero la kale nchini Rwanda lilikuwa mahali ambapo vijana walilelewa katika ushujaa, ufasaha wa lugha, ngoma na mwenendo mwema. Mwaka 2007 serikali ya Rwanda ililifufua kama programu ya kitaifa ya elimu ya uraia, na mwaka 2013 ukaanza utaratibu wa Urugerero, ambapo wahitimu wa sekondari hutumikia jamii kwa kazi kama kufundisha watu wazima kusoma na kusaidia kujenga nyumba za wasiojiweza. Mshiriki huitwa intore. Hufundishwa indangagaciro, yaani maadili yanayompa mtu thamani, na kirazira, yaani mambo ambayo ni mwiko kuyatenda.

Kipengele kinachovutia zaidi kwa madhumuni ya makala haya ni imihigo. Hii ni ahadi inayotolewa hadharani: mtu anataja atakachofanya, na baadaye anaulizwa kama amekifanya. Tangu mwaka 2006 viongozi wa wilaya nchini Rwanda wamekuwa wakitia saini imihigo yao mbele ya Rais, na mtindo huo umeshuka hadi ngazi ya kaya na ya kikundi cha intore. Katika imihigo mzungumzaji hatumii umbo la amri. Anajitaja mwenyewe kuwa ndiye mtendaji.

Itorero halikosi wahakiki. Sundberg, katika utafiti wake wa kianthropolojia uliochapishwa mwaka 2016, ameyachambua mafunzo hayo kama njia ya dola kumjenga raia wa mfano. Swali linalozuka ni lilelile linaloweza kuulizwa kuhusu JKT: je, raia wa mfano ni yule anayekubaliana na kila anachoambiwa, au yule anayeweza kusimama peke yake panapostahili?

4.0 Kikomo cha amri

Ushahidi wa kitaaluma unatoa tahadhari mbili kwa wanaoamini kwamba mazingira yenye amri kali huzaa tabia njema.

Tahadhari ya kwanza inatoka kwa Hartshorne na May, waliofanya uchunguzi mkubwa nchini Marekani katika miaka ya 1920, ukihusisha zaidi ya watoto 10,000. Watoto waliwekwa katika hali mbalimbali zilizowapa nafasi ya kudanganya, kuiba au kusema uongo. Matokeo yaliwashtua walimu wa maadili. Uaminifu wa mtoto haukuhama kwa urahisi kutoka hali moja hadi nyingine: aliyedanganya katika mtihani hakuwa lazima ndiye aliyedanganya katika mchezo, na kuyajua maadili kwa mdomo kulikuwa na uhusiano hafifu na kuyatenda. Wataalamu waliofuata wamejadili namna ya kuyafasiri matokeo hayo, lakini funzo lake kwa kambi bado linasimama. Mwenendo wa kijana akiwa bwenini hautabiri moja kwa moja mwenendo wake akiwa ofisini, sokoni au katika mkutano wa siasa. Daraja kati ya hali hizo lazima lijengwe makusudi.

Tahadhari ya pili inahusu utii wenyewe. Katika majaribio yaliyochapishwa na Stanley Milgram mwaka 1963, watu wazima wa kawaida waliagizwa na mtafiti kumpiga mtu mwingine shoti za umeme ambazo waliamini ni za kweli. Kati ya washiriki 40, 26 waliendelea mpaka kiwango cha mwisho. Wengi walitokwa jasho, wakatetemeka na kulalamika, lakini walitii. Dhamiri yao iliona tatizo, ila hawakuwa na zoea la kusema hapana mbele ya mwenye mamlaka.

Afrika Mashariki haihitaji maabara kulijua jambo hili. Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda mwaka 1994, wengi wa wauaji walikuwa vijana. Interahamwe lilikuwa tawi la vijana la chama tawala. Lilikuwa na viongozi, mafunzo, nyimbo na sare. Sababu za ushiriki zilikuwa nyingi, zikiwamo propaganda, chuki, hofu, shinikizo la wenzao na tamaa ya mali. Pamoja na hayo, hakuna anayeweza kusema kwamba vijana hao walikosa mpangilio au uwezo wa kufuata maagizo. Vizuizi vya barabarani vilisimamiwa kwa zamu. Kilichokosekana ni kile ambacho gwaride haliwezi kukipa kikundi. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyofanya kazi zake Arusha, ilikuwa na kanuni iliyo wazi katika hati yake, ibara ya 6: kwamba mtuhumiwa alitenda kwa agizo la mkubwa wake hakumwondolei hatia, ingawa kunaweza kuzingatiwa katika kupunguza adhabu.

Historia hiyohiyo ina ukurasa mwingine. Usiku wa tarehe 18 Machi 1997, watu wenye silaha waliingia katika shule ya sekondari ya Nyange, magharibi mwa Rwanda, wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu upande mmoja na Watutsi upande mwingine. Wanafunzi walikataa. Walijibu kwamba wao wote ni Wanyarwanda. Washambuliaji walifyatua risasi na kurusha mabomu ya mkono. Baadhi ya wanafunzi waliuawa na wengine wakabaki na majeraha na ulemavu. Leo wanafunzi wa Nyange wamo katika orodha ya mashujaa wa taifa, katika daraja la Imena.

Wanafunzi hao walipewa amri fupi, iliyo wazi, kutoka kwa watu wenye uwezo wa kuwaadhibu papo hapo. Kwa kipimo cha utii walishindwa. Kwa kipimo cha uongozi binafsi, hakuna mfano mkubwa zaidi katika ukanda huu. Mtaala wowote wa malezi ya vijana unapaswa kuulizwa kama unamwandaa kijana kwa usiku kama ule.

5.0 Hatua nne za malezi

Nchini Tanzania na Uganda, kijana aliyepita jeshini anazijua amri za Kiswahili: mguu sawa, mguu pande, nyuma geuka. Kiswahili kilikuwa lugha ya askari tangu enzi za King's African Rifles, kikosi cha kikoloni kilichoundwa mwaka 1902. Kisarufi, amri humwelekea nafsi ya pili na haiachi nafasi ya swali, na jibu lake linalotarajiwa ni kitendo. Makala haya yanapendekeza kwamba safari ya kadeti ipimwe kwa kuangalia maumbo ya kitenzi anayopewa nafasi ya kuyatumia.

5.1 Fanya

Hatua ya kwanza ni ya amri, nayo haifai kudharauliwa. Kijana anayefika kambini kwa mara ya kwanza anahitaji ratiba, usafi, ukakamavu na uzoefu wa kushindana na uvivu wake. Kwata humfundisha kuzingatia, kuvumilia na kwenda kwa hatua moja na wenzake. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mkulima wanaosimama mstari mmoja wakiwa wamevaa sawa hujifunza usawa kwa namna ambayo hotuba haiwezi kuufundisha. Kosa liko katika kuifanya hatua hii kuwa mafunzo yote.

5.2 Tufanye

Hatua ya pili ni ya kikundi kidogo. Baden-Powell alipofanya kambi yake ya majaribio katika kisiwa cha Brownsea nchini Uingereza mwaka 1907, aliwagawa wavulana wapatao 20 katika vikundi vinne, kila kikundi kikiwa na kiongozi kijana. Utaratibu huo ukawa uti wa mgongo wa skauti duniani, nchi za Afrika Mashariki zikiwamo. Mantiki yake ni kwamba kijana hawezi kujifunza uongozi ikiwa kila uamuzi unafanywa na mtu mzima.

Katika kambi, seksheni inaweza kupewa kazi yenye matokeo halisi: bustani ya mboga itakayolisha jiko, zamu ya maji, au upangaji wa lindo la usiku. Uongozi wa seksheni uzungushwe ili kila kadeti, hata yule mpole anayekaa nyuma, apate wiki yake ya kuwajibika kwa wenzake. Bustani ikikauka, mkufunzi asiharakishe kuadhibu. Awaketishe waeleze nini kilitokea. Mazungumzo hayo ya nusu saa ni sehemu ya mafunzo sawa na mchakamchaka wa asubuhi.

5.3 Nitafanya

Hatua ya tatu ni ya ahadi. Imihigo ya Rwanda inaonyesha namna ahadi inavyoweza kuwa zana ya malezi. Nguvu yake iko katika mambo matatu: mtu mwenyewe ndiye anayetaja lengo, wengine wanalisikia, na kuna siku ya kutoa hesabu. Jambo la kwanza likiondolewa, ahadi hugeuka kuwa amri iliyovalishwa nguo nyingine. Kadeti anayesomewa malengo yaliyoandikwa na mkuu wa kambi kisha akaambiwa atie saini hajaahidi kitu.

Mfano wa nje unaweza kusaidia hapa. Civil Air Patrol, shirika la kujitolea lililoanzishwa Marekani mwaka 1941, lilianza programu ya kadeti mwaka 1942, nayo inawapokea vijana kuanzia umri wa miaka 12. Programu imegawanywa katika awamu nne. Katika awamu ya kwanza kadeti hujifunza kujiongoza na kuwa mfuasi mzuri. Katika zinazofuata huanza kuongoza kikundi kidogo, kisha kusimamia wale wanaoongoza. Sambamba na hayo huwa na vipindi vya kujadili visa vyenye utata wa kimaadili. Mpangilio huo hauwezi kuhamishwa jinsi ulivyo, kwa kuwa vijana wale hukaa nyumbani kwao na hukutana kila wiki kwa miaka mingi. Linaloweza kuchukuliwa ni mfuatano wake: kijana haruhusiwi kuwasimamia wengine kabla ya kuonyesha kwamba anajisimamia.

5.4 Sitafanya

Hatua ya nne inawatia hofu wakufunzi wengi, na hofu yao ina sababu. Kama kila kuruta atahoji kila agizo, nani atakwenda lindo saa nane za usiku? Jibu ni kwamba kukataa kunafundishwa pamoja na mipaka yake. Agizo gumu si agizo ovu. Kuchimba mtaro juani, kurudia usafi au kukesha zamuni ni maudhi, na kadeti anapaswa kuyabeba. Agizo ovu ni lile linalovunja sheria au utu wa mtu. Maswali matatu yanaweza kumsaidia kijana kupambanua: Je, agizo hili linamdhuru mtu asiye na hatia? Je, linakwenda kinyume cha sheria? Je, aliyelitoa angelirudia mbele ya wakubwa wake na mbele ya wazazi wa vijana hawa?

Mazoezi ya hatua hii yaanze na mambo madogo. Chukulia kadeti anayeagizwa kusaini kwamba amepokea magunia 20 ya mchele hali yaliyoingia ghalani ni 18. Hakuna damu itakayomwagika. Lakini kijana atakayesaini leo kwa kumwogopa mkubwa wake ndiye atakayekuwa mhasibu wa halmashauri baada ya miaka kumi, na saini yake itakuwa imeshazoea. Kisa kama hicho kijadiliwe katika kikundi, kiigizwe, na kadeti wafundishwe maneno ya kukataa kwa heshima: "Afande, naomba radhi, siwezi kusaini idadi ambayo sikuihesabu." Kukataa kwa adabu ni stadi, na kama stadi nyingine, haipatikani bila mazoezi. Visa vizito zaidi, kama vile kumpiga kadeti mgeni kwa amri ya mkubwa, au kuwatenga watu kwa kabila au dini, vifuate baadaye.

6.0 Changamoto za utekelezaji

Changamoto ya kwanza ni mkufunzi. Kadeti huiga zaidi anachokiona kuliko anachoambiwa. Mkufunzi anayehimiza uaminifu huku akipunguza mgawo wa chakula cha vijana anafundisha somo la pili kwa sauti kubwa kuliko la kwanza. Tukio la mwaka 1966 linakumbusha kwamba mwenye kutoa amri hupata haki ya kusikilizwa anapobeba sehemu ya mzigo. Mafunzo ya wakufunzi, kwa hiyo, yatangulie mafunzo ya makuruta.

Changamoto ya pili ni ya muda na idadi. Mwaka 1984 Kenya ilianza kuwataka waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu vya umma wapitie kwanza mafunzo ya Huduma ya Vijana kwa Taifa, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1964, lakini utaratibu huo uliachwa miaka michache baadaye. Programu zinazochukua kundi zima la wahitimu kwa mkupuo huelemewa kwa urahisi: mabweni hujaa, wakufunzi hawatoshi, na kinachobaki ni hatua ya kwanza peke yake, kwa kuwa ndiyo inayoweza kufundishwa kwa watu elfu moja kwa kipaza sauti kimoja. Hatua tatu zinazofuata zinahitaji vikundi vidogo.

Changamoto ya tatu ni upimaji. Ni rahisi kupima unyoofu wa mstari wa gwaride siku ya kufunga mafunzo mbele ya mgeni rasmi. Ni vigumu kupima kama kijana alirudisha chenji iliyozidi dukani. Hata hivyo, yapo mambo yanayoweza kufuatiliwa: kama kadeti alitimiza ahadi aliyojiwekea mwenyewe, kama aliripoti kosa lake kabla ya kugunduliwa, na anafanya nini kijijini kwake miezi sita baada ya kurudi.

Changamoto ya nne ni ya kisiasa. Serikali inaweza kuona kwamba kijana anayeweza kusema "sitafanya" ni hatari. Historia iliyoelezwa katika sehemu ya nne inaonyesha upande wa pili wa hesabu hiyo. Taifa lenye vijana wasioweza kukataa limewakabidhi vijana hao kwa yeyote atakayewahi kushika kipaza sauti.

7.0 Hitimisho na mapendekezo

Makala yameonyesha kwamba mafunzo ya kambi yana uwezo halisi wa kuwalea vijana, na kwamba uwezo huo hupotea yanapoishia katika utii. JKT imethibitisha nguvu ya kazi ya pamoja na usawa wa sare. Itorero, kwa njia ya imihigo, limeonyesha nguvu ya ahadi ya hadharani. Wanafunzi wa Nyange wameacha kipimo ambacho taasisi zote mbili, na nyingine za ukanda huu, zinaweza kujipima nacho. Kutokana na uchambuzi huo, mapendekezo yafuatayo yanatolewa:

(a) Mitaala ya kambi za vijana itofautishe bayana malengo ya utii, nidhamu na tabia, na kila lengo lipangiwe saa zake katika ratiba.

(b) Angalau sehemu ya pili ya muda wa mafunzo itumie vikundi vidogo vyenye uongozi wa kuzunguka na kazi zenye matokeo halisi.

(c) Kila kadeti aandike ahadi yake kwa maneno yake mwenyewe, na atoe hesabu mbele ya wenzake kabla ya kuondoka kambini.

(d) Somo la agizo halali na agizo haramu lifundishwe kwa visa vinavyotoka katika mazingira ya ukanda, na kila kambi iwe na njia salama ya kadeti kuripoti agizo ovu bila kulipiziwa kisasi.

(e) Wakufunzi wapimwe kwa mwenendo wao mbele ya vijana, pamoja na ustadi wao wa gwaride.

(f) Kwa kuwa Kiswahili sasa ni mojawapo ya lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, wataalamu wa lugha na wa malezi washirikiane kusanifu istilahi za pamoja za uongozi binafsi, wakichota pia katika hazina za lugha jirani, kama neno imihigo linavyodhihirisha.

Kadeti anapomaliza mafunzo hupewa cheti kinachothibitisha kwamba alikuwapo kambini. Jamii inayompokea inahitaji kujua jambo la ziada: atafanya nini asipoagizwa, na atafanya nini akiagizwa vibaya. Kambi inayoweza kujibu maswali hayo mawili kuhusu vijana wake itakuwa imefanya kazi ambayo taifa liliituma.